Pesa za bati zimekuwa baruti

Shikamoo Mjomba,

Naandika kutoka Texas, nje kidogo ya Fort Worth. Nina miaka 41, mke, na watoto wawili, mdogo ana miaka mitatu. Nilitoka Dar 2009, uraia wa huku nimeupata 2018. Pombe sinywi, kamari sichezi, na ghalani ninakofanya kazi sijawahi kukosa zamu. Nayasema haya mapema kwa sababu yanayofuata hayanipendezi hata mimi.

Mwaka 2019 mwenzangu wa kazini alinipeleka uwanja wa shabaha. Nikapenda. Nikanunua bastola ya milimita 9, baadaye bunduki ya kuwindia kulungu. Halafu ikaja 2020, rafu zikawa nyeupe. Boksi la risasi 50 nililozoea kulipata kwa dola 10 likafika 35, na ukilikuta unaruhusiwa moja tu. Yule mwenzangu akaniambia, mbona unateseka, jaza mwenyewe. Unaokota maganda yako uwanjani, unayasafisha, unapachika praima mpya, yaani kile kidude cha kuwashia kinachokaa kitakoni mwa ganda, unatia baruti, unaweka kichwa juu, kile kinachoruka kwenda kwenye shabaha, unabana kwa mashine. Risasi ileile, bei ya chini.

Basi nikaingia. Risiti nimezificha kwenye mfuko wa hema la kambi, na leo nimezitoa nikakuhesabia. Mashine, mizani na vikorokoro vyake: dola 1,100. Praima 8,000 za mwaka 2021, dola 130 kila elfu moja. Nyingine 6,000 za baadaye, dola 75 kila elfu. Madumu matatu ya baruti, kila moja ratili 8, kwa dola 290. Chupa tatu za ratili moja moja, dola 45 kila chupa. Vichwa 10,000, senti 10 kimoja. Inakaribia dola 4,600, na hapo sijagusa ada ya mzigo wa hatari wanayokutoza kila wakikuletea baruti au praima nyumbani.

Mjomba, tunajenga Kibaha. Nyumba imeishia kwenye lenta. Hizo pesa, nyingi yake, zilikuwa za kupaua. Tuliziweka pamoja na mke wangu, ambaye anafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee. Alipouliza mbona picha za bati haziji, nikamwambia fundi kala hela. Sasa ni miezi saba imepita. Mke wangu alimpigia fundi akamwita mwizi, tena mbele ya watu, maana fundi alikuwa saiti na simu ameiweka kwa sauti kubwa. Fundi akanipigia mimi. Nikamwambia avumilie, nitaweka mambo sawa.

Na bado sijapona. Juzi nimeona dumu la ratili 8 limefika dola 370, wanasema litapanda tena kwa sababu ya vita vya Ukraine. Najiambia nikichukua mawili sasa sitanunua tena kwa miaka mingi. Au nijaze nyingi niwauzie wenzangu wa kazini, pesa ya bati irudi polepole. Msaidizi ninaye: mtoto wa dada yangu alikuja Agosti iliyopita kusoma chuo, anakaa kwetu, na mikono yake ni myepesi kuliko yangu. Jioni anakaa kwenye mashine, Jumamosi naenda naye uwanjani.

Vitu vyote viko gereji kwenye sanduku la chuma, kufuli juu. Maganda nayasafisha usiku chumba cha kufulia, watoto wakishalala.

Ninunue sasa au nisubiri bei ishuke? Na mke wangu nimwambie nini?

Mbana Maganda,
Texas

*

Marahaba, mpwa wangu.

Suala la kununua nitalifikia. Kwanza kuna mtu kwenye barua yako umemtaja kwa pembeni, kama mtu anayetaja paka wa nyumba, na mimi nilipofika hapo niliweka kikombe chini.

Huyo kijana amekuja kwa viza ya mwanafunzi. Sheria ya shirikisho huko Marekani inamkataza mwenye viza ya muda kuwa na bunduki au risasi. Kuna matundu machache ya kutokea, mojawapo ni leseni halali ya uwindaji, lakini kwa ulivyoandika sidhani kama kuna yeyote nyumbani kwako aliyeliuliza jambo hili. Na neno "risasi" kwenye sheria hiyo ni pana kuliko unavyodhani. Ganda tupu, praima, kichwa, baruti ya bunduki: kila kimoja peke yake kinahesabiwa risasi. Hahitaji kufyatua kitu. Mkono wake ukiwa ndani ya kisanduku cha praima, tayari yuko kwenye maneno ya sheria. Kifungo kinaweza kufika miaka 15, kwake na kwako uliyempa huku ukijua viza yake ni ya aina gani, na yeye akitoka huko hatarudi darasani, atapandishwa ndege.

Wewe ni mjomba wake. Leo jioni asikae kwenye hiyo mashine, na Jumamosi abaki nyumbani. Kama ana hamu ya shabaha, aulizwe wakili wa uhamiaji, si wazee wa pale uwanjani, ambao watamwambia kwa moyo mweupe kabisa kwamba hakuna shida.

Sasa tuje kwenye hela. Mimi nilijaza maganda yangu Minnesota kwa miaka 22, kwa mashine ya mkono, risasi moja kwa kila mvuto, mke wangu akiniuliza kama nimeajiriwa na jeshi. Kwa hiyo sikuoni kichaa. Raha ya kubana risasi yako mwenyewe naijua: ule mlio mdogo ganda linapokaa sawa, mizani inayotulia pale pale ulipotaka. Lakini umeniandikia matumizi yote ukaacha namba moja, nayo ndiyo inayoamua kila kitu. Unapiga risasi ngapi kwa mwaka?

Nakukadiria. Mtu wa zamu za ghala, mwenye watoto wawili, akienda uwanjani mara mbili kwa mwezi na kupiga mia kila safari, ni 2,400 kwa mwaka. Kama ni zaidi, rekebisha, lakini usijidanganye.

Ratili moja ina greni 7,000. Risasi ya bastola yako inakula kama greni 5 (kipimo halisi ukitoe kwenye kitabu cha watengeneza baruti, usikitoe kwangu), kwa hiyo ratili moja inajaza kama risasi 1,400. Kwa bei ulizonunulia, baruti ni senti 3 kwa risasi moja. Kichwa senti 10. Ganda bure, umeliokota. Praima ya 2021 ni senti 13. Jumla senti 26. Na siku hizi, hofu ikiwa imelala, risasi ya kiwandani ya bastola hiyo unaipata kwa kama senti 25, imefungwa vizuri kwenye boksi, wala hukukesha nayo.

Umeisoma vizuri? Zile 8,000 za mwanzo hazikukuokolea hata senti.

Zile 6,000 za baadaye zina nafuu: risasi inakutoka kwa senti 20 na nusu, unaokoa 4 na nusu. Zidisha kwa 2,400, unapata dola 108 kwa mwaka. Mashine ya dola 1,100 itajilipa baada ya miaka kumi, mtoto wako wa miaka mitatu akiwa kidato cha kwanza. Na akiba uliyonayo? Praima 14,000 ni karibu miaka sita. Ratili 27 za baruti ni risasi zaidi ya 37,000, yaani miaka kumi na tano. Halafu unaniuliza uongeze madumu mawili.

Kibaya zaidi, palipo na nafuu ya kweli hukugusa. Risasi ya kuwindia kulungu inauzwa dola moja na nusu, mbili, na zaidi, na ukiijaza mwenyewe inaweza kushuka hadi nusu. Lakini bunduki hiyo haitumii praima ndogo za bastola, wala baruti yake si ya bastola. Kama vichwa na praima zako zote ni za milimita 9, basi gereji yako imejaa na bunduki yako ina njaa. Hivyo ndivyo mtu ananunua akiwa na hofu: anachukua kilichobaki rafuni.

Hofu hiyo nimeishuhudia ikija mara tatu. 2008 Obama alipochaguliwa. Mwisho wa 2012, baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook kule Connecticut, ambapo hata zile risasi ndogo za .22 za kupigia makopo zilipotea madukani, watu wakawa wanapanga foleni alfajiri. Halafu 2020, uviko, ghasia mitaani na uchaguzi vyote kwa pamoja. Mwaka huo FBI ilipokea maombi karibu milioni 40 ya kuchunguza wanunuzi wa bunduki, rekodi ambayo haikuwahi kufikiwa, na Julai hiyohiyo kampuni ya Remington, yenye kiwanda kikubwa cha risasi Arkansas, ikaingia kwenye ufilisi. Wanaotengeneza praima Marekani wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na hao hao ndio wanaouza risasi kamili. Mahitaji yakipanda, praima zinaingia kwanza kwenye risasi zao, na sisi wa gerejini tunagawana makombo. Ndiyo maana praima ya dola 30 na kitu kwa elfu ilifika 130 kwako, na wapo waliolipa zaidi.

Kisha hofu ikapita, bei ikashuka. Haikurudi ilikotoka, hilo nakubali. Mwenye kukuambia itarudi dola 30 anaota mchana.

Kuhusu baruti hukudanganywa. Baruti isiyo na moshi hutengenezwa kwa nitroselulosi, na mizinga ya Ukraine inakula malighafi hiyohiyo. Kwa hiyo inaweza kupanda tena. Lakini bei ya kitu ambacho hutakihitaji kwa miaka kumi na tano inakuhusu nini?

Babu yangu Liwale alikuwa na gobore. Baruti aliiweka kwenye pembe, na fataki, ambazo ndizo bibi zao hizi praima zako, alizifunga kwenye kitambaa na kukiweka ndani ya kopo la mafuta ya nywele. Nguruwe pori walipoingia kwenye mihogo alikuwa anafungua kile kitambaa na kuhesabu kwa sauti. Saba. Anachukua mbili. Anafunga. Sisi watoto tulidhani ni uchoyo. Yule mzee alijua msimu mmoja wa mihogo unamlia fataki ngapi, na akienda dukani kwa Mhindi alinunua idadi hiyo na mbili za ziada. Alizeeka na shamba lake.

Kwa hiyo usinunue kitu. Futa hilo duka kwenye simu, maana kidole kina kumbukumbu. Kisha uza. Praima 6,000 ambazo hazijafunguliwa zitapata mtu kwa dola 65 kila elfu, kwa sababu ananunua mkononi, hana ada ya mzigo wa hatari ya kulipa. Utapata hasara, hasa ukiuza zile za 2021, lakini hasara hiyo uliipata siku ile uliponunua. Madumu mawili yenye muhuri yauze kwa 290 uliyolipa. Hapo una dola 970, na bado umebaki na praima 8,000 na ratili 11, zaidi ya miaka mitatu ya shabaha. Muuzie mtu unayemfahamu, mpeane uso kwa uso, na usijaribu kutuma kwa posta: praima na baruti haziruhusiwi humo kabisa.

Hilo la kujaza na kuwauzia wenzako liache. Kutengeneza risasi kwa ajili ya kuuza kunataka leseni ya serikali kuu. Ada yake yenyewe si kubwa, dola 30 kwa miaka mitatu, lakini nyuma yake kuna ushuru wa asilimia 11 na vitabu vya hesabu, na zaidi ya vyote kuna siku moja ulikuwa umechoka, ukatia baruti mara mbili kwenye ganda moja, na bastola ikapasuka mkononi mwa mtu ambaye ana wakili.

Gereji nayo. Kanuni za moto zinazofuatwa sehemu nyingi za Marekani zinakutaka usizidishe praima 10,000 ndani ya nyumba ya kuishi, na baruti ratili 20. Ukizidi ratili 20 unatakiwa uwe na kabati la mbao nene, kama inchi moja. Wewe una 14,000 na 27. Tena umeziweka kwenye sanduku la chuma lililobanwa, na hapo ndipo watu wengi hukosea wakidhani wamejilinda. Baruti ikiwaka mahali penye upenyo inaungua kwa kishindo cha moto. Ikiwaka ndani ya chuma kilichofungwa, hilo sanduku ni bomu. Mbao hupasuka mapema, moshi ukatoka. Na gereji ya Texas mwezi wa Agosti ni tanuri. Joto linaozesha baruti. Fungua chupa uliyoanza kutumia, nusa kwa mbali: ikiwa na harufu kali ya tindikali, au ukiona vumbi jekundu kama kutu, hiyo si ya kujaza wala kuuza. Na mnunuzi wa madumu mwambie yalikaa wapi majira ya joto. Akitaka apunguziwe, mpunguzie.

Chumba cha kufulia ndicho kilichonikasirisha, nisikufiche. Hiyo mashine ya kuzungusha maganda umeijaza magunzi ya mahindi yaliyosagwa, sivyo? Magunzi yaleyale tuliyowashia moto kwetu, huko wanauziwa kwa mfuko. Yakizunguka na maganda yaliyopigwa, yanakwangua masalia ya praima, na ndani yake mna madini ya risasi, ile risasi nzito yenye sumu. Ukifungua kifuniko linatoka vumbi la kijivu. Linatua juu ya mashine ya kufulia, juu ya kapu, juu ya nguo za mtoto wa miaka mitatu ambaye bado anatia kola mdomoni. Toa mashine nje wiki hii. Pangusa chumba kwa kitambaa kibichi, usifagie. Kisha mpeleke mdogo kwa daktari wake wa watoto, mwambie unajaza risasi nyumbani na unataka kipimo cha madini ya risasi kwenye damu. Ni kipimo cha kawaida, wala hatakushangaa.

Umeona basi kwa nini mkeo hawezi kuambiwa nusu. Ukimweleza kipimo cha mtoto atauliza vumbi limetoka wapi, ukimweleza vumbi atauliza mashine imenunuliwa lini, na kwa pesa ipi. Afadhali akute risiti zote mezani, pamoja na karatasi ya mahesabu haya kwa mwandiko wako, na dola 970 pembeni. Chagua siku aliyolala vizuri. Mtu aliyetoka zamu ya usiku usimpe habari kama hii asubuhi.

Atakasirika kwa pesa, na ana haki. Ila nakutahadharisha, si pesa itakayomkalia rohoni. Ni kwamba ulimwacha amtukane mtu asiye na kosa, kwa kinywa chake yeye, mbele ya vibarua, nawe ukakaa kimya miezi saba. Umemfanya mkeo awe mwongo bila yeye kujua.

Kwa hiyo kabla hujakaa naye, kuna simu ya kupiga. Usimwambie fundi avumilie. Mwambie kwamba wewe ndiye uliyekula zile hela, na kwamba utamwambia hivyo mke wako, na vibarua wake pia akitaka. Umuulize siku ile alipomwagiwa maneno yale pale saiti alikuwa na nani, kwa sababu mtu wa Kibaha akiitwa mwizi anakosa na kazi ya jirani. Anaweza kukukatia simu. Piga tena kesho yake.

Kwa majira haya ya joto Texas iko nyuma ya Kibaha kwa saa nane. Ukitoka zamu, saa tatu usiku kwako, kwake ni saa kumi na moja alfajiri. Mafundi huwa wameshaamka.

Mjomba